Umesoma, umeelewa? Mizani za kujipima, na ipi uichague

Kabla ya chochote, soma kipande hiki. Mara moja tu, kwa mwendo wako wa kawaida.

*Katika pwani ya Afrika Mashariki bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kwingine hupita saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku maji hujaa kwa kuchelewa dakika 25 kuliko jana yake. Kinachoyavuta ni mwezi. Jua nalo huvuta, ingawa nguvu yake haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi hukaa kwenye mstari mmoja na dunia, na maji hujaa sana na kupwa sana: hilo ndilo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, mvuto wa jua hupunguza ule wa mwezi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo: hayo ndiyo maji mafu.*

Umeelewa? Sentensi sita, Kiswahili chepesi, hakuna neno la kukukwaza, labda bamvua kama hukukulia pwani, nalo limeelezwa papo hapo. Jipe alama kati ya 10. Iandike pembeni, tutaihitaji.

Mwaka 1982 Arthur Glenberg na wenzake wawili, Wilkinson na Epstein, walichapisha utafiti ambao wasomaji walipewa maandishi yenye sentensi zinazogongana. Wengi walisema wameelewa vizuri, na mgongano hawakuuona. Watafiti waliipa hali hiyo jina ambalo kwa Kiswahili ningeliita mazigazi ya kujua: yale maji unayoyaona mbele barabarani jua likiwa kali, ukifika hayapo. Ukijiuliza "nimeelewa?" huku macho yangali kwenye ukurasa, jibu linatoka kwenye wepesi wa maneno, na maneno huwa mepesi kwa sababu nyingi zisizohusiana na kuelewa. Mwandishi anaandika vizuri. Mada umeisikia redioni. Ukurasa huohuo umeusoma jana.

Kwa hiyo kila msomaji anahitaji mizani nje ya hisia zake. Mizani ziko nyingi, na hazipimi kitu kimoja. Mwenye haraka aanze na jedwali hili, kisha asome sehemu inayomgusa.

| Njia | Muda inaokula | Inachokamata | Inapodanganya |
|---|---|---|---|
| Kurudia kusoma, kupaka hailaita | Mwingi sana | Kidogo mno | Ukizoea maneno unadhani umeelewa |
| Kufunga kitabu na kuandika | Dakika 10 | Ulichosahau | Unaweza kukariri bila kuelewa |
| Pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) | Saa 2 au 3 | Pengo lako mbele ya mtihani | Maswali yanayojirudia |
| Ufupisho wa kesho yake | Robo saa, na usiku mmoja | Mhimili wa hoja | Ukifanya papo hapo unapima kunakili |
| Kumweleza mtu | Nusu saa | "Kwa nini" usiyoijua | Msikilizaji mwenye adabu |
| Kusema kwa lugha nyingine | Dakika 5 | Maneno matupu | Istilahi ikikosekana |
| Kutia namba, kutenda | Dakika 5 | Maagizo na hesabu | Haifai kwa hadithi wala shairi |

Kurudia kusoma, na hailaita

Nianze na hii ninayoidharau, kwa kuwa nimeilipia karo. Mwaka mmoja nilisomea mtihani wa bodi ya taaluma nikiwa kazini. Kitabu kilikuwa cha kurasa mia nne na ushee, na hadi mwezi wa mtihani kilikuwa njano tupu. Kuna kurasa nilizipaka mara mbili, njano kisha waridi, waridi ikimaanisha "muhimu kweli". Usiku wa kuamkia mtihani, ukurasa wowote niliofunua nilikuwa naujua. Nilijua mchoro uko kona gani, nilijua jedwali lipi liko juu kushoto. Asubuhi swali la pili likataka nieleze tofauti ya vitu viwili ambavyo vyote nilikuwa nimevipaka waridi. Rangi niliiona kichwani. Tofauti sikuiona. Nilifeli, na ada ya kurudia mtihani nikaitoa mfukoni mwangu.

Baadaye ndipo nilipokutana na utafiti wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa mwaka 2006, uliofanyika Marekani. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kipande vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaweka karatasi ya maandishi kando na kuandika kila lilichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walishinda: asilimia 83 kwa 71. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, waliojipima walikuwa na 61. Kinachonichoma zaidi ni hiki: waliosoma mara nne ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba watakumbuka. Ndiyo mimi na waridi yangu.

Sisemi usirudi nyuma kamwe. Msomaji mzuri hurudi, ila hurudi kwa sababu. Amefika sentensi ya nne, akagundua hajui "hiyo" inasimama badala ya nini, akapanda hadi ya pili, akaipata, akashuka. Hiyo ni sekunde kumi, na ni kazi ya akili iliyo macho. Kurudia sura nzima kwa sababu tu mtihani unakaribia ni kazi ya wasiwasi.

Na ukisomea PDF kwenye simu, ongeza tahadhari. Rakefet Ackerman na Morris Goldsmith wa Israel walionyesha mwaka 2011 kwamba wasomaji wakipewa muda uliopangwa, skrini na karatasi hazikutofautiana. Walipoachiwa waamue wenyewe lini imetosha, wa kwenye skrini walifanya vibaya zaidi na walijiamini kupita walichokijua. Kidole kinateleza upesi, na akili inadhani nayo imefika.

Kufunga kitabu

Kama unataka njia moja tu uanze nayo kesho, chagua hii. Soma ukurasa, ufunge, chukua karatasi tupu, andika. Usichungulie. Ukikwama, kaa na kukwama huko kwa dakika nzima kabla ya kufunua, maana pale ulipokwama ndipo penye taarifa uliyokuwa unaitafuta. Kisha funua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine.

Jaribu kwa kile kipande cha bahari. Wengi wataandika mara mbili kwa siku, mwezi na jua, bamvua na maji mafu. Wachache watakumbuka kwamba jua haliifikii nusu ya nguvu ya mwezi. Wengine watachanganya lini ni bamvua na lini ni maji mafu, na hilo ni kosa zuri kuligundua mapema.

Kasoro yake ni kwamba inapima kumbukumbu kwanza, uelewa baadaye. Mtu anaweza kuandika sentensi zote sita, neno kwa neno, na asijue kwa nini bahari hujaa mara mbili. Tuliosoma shule zetu tunaifahamu ajali hii kwa jina lake: kukremu. Madrasa, kwa maoni yangu, wametuzidi hapa. Mtoto aliyehifadhi juzuu kumi anajua, na mwalimu wake anajua, na jirani anajua, kwamba amehifadhi. Tafsiri ni darsa nyingine, ina siku yake na mwalimu wake. Shule za dunia ndizo zinazompa mtoto A kwa kuhifadhi, kisha zinamwambia ameelewa.

Pasti pepa ni ndugu wa njia hii. Faida yake ni kwamba maswali hayakutungwa na wewe, kwa hiyo hayakuonei huruma. Ila ukishafanya miaka sita ya nyuma unaanza kuutambua mtunzi kuliko mada: "hili swali huwa linaletwa na mchoro". Pasti pepa zitumie mwishoni, kama mazoezi ya mwendo. Na uzifanye bila majibu yaliyochapwa nyuma, maana kusoma swali na jibu lake kisha kutikisa kichwa ni hailaita kwa sura nyingine.

Ufupisho: leo au kesho?

Hapa kuna jambo ambalo karibu kila mtu analikosea, nami nililikosea miaka.

Waliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, wanaukumbuka ufupisho wa karatasi ya pili ya Kiswahili: alama 15, idadi ya maneno imetajwa, nafasi ya matayarisho kisha jibu. Ni zoezi zuri la kukata maneno. Lakini kifungu kiko mbele yako muda wote. Unachofundishwa ni kuchagua sentensi zinazobeba uzito na kuzifunga pamoja, na mwenye jicho zuri anaweza kupata alama nyingi kwa habari ambayo hakuielewa nusu yake. Tabia hiyo tunaibeba hadi chuoni: tunamaliza sura, tunaandika muhtasari hapohapo, tunajisikia vizuri.

Keith Thiede na Mary Anderson walilijaribu hili katika utafiti wa mwaka 2003. Wasomaji wengine waliandika ufupisho mara tu walipomaliza kila kipande, wengine baada ya kupita muda. Kisha wote walikadiria wameelewa kiasi gani, na wakapewa mtihani. Waliofupisha papo hapo walikadiria vibaya, karibu sawa na wasiofupisha kabisa. Waliochelewa walikadiria kwa usahihi wa juu zaidi kwa mbali.

Sababu yake ukiisikia unaikubali. Mara tu baada ya kusoma, maneno ya mwandishi bado yananing'inia kichwani kama harufu ya mtungi. Unayaandika yaleyale na unadhani ni yako. Maneno hayo huondoka upesi. Kinachobaki baada ya muda ni ule mchoro ulioujenga mwenyewe: nini kinasababisha nini, nani dhidi ya nani. Na mchoro huo ndio mtihani, mkutano wa kazini, au mjadala na shemeji utakaouuliza.

Basi ufupisho wako uandike kesho asubuhi, kabla hujagusa kitabu. Sentensi tatu zinatosha. Kama zinakuja kwa taabu, sura hiyo hujaielewa, hata kama jana ilikuwa tamu.

Kumweleza mtu

Binti wa dada yangu yuko kidato cha pili. Nilimweleza ile habari ya bahari jioni moja tukiwa kibarazani, nikitumia chungwa kuwa dunia na ndimu kuwa mwezi. Nilikuwa najiamini kabisa.

"Mjomba," akasema, "mwezi uko huku. Maji ya huku yamevutwa, sawa. Haya ya kule nyuma yaliyojaa, yamevutwa na nani?"

Nikamwambia, jua.

"Na siku ambayo jua na mwezi viko upande mmoja?"

Sikuwa na jibu. Kipande kile nilikisoma mara ngapi sijui, nikakiandika kwa kumbukumbu bila kukosa neno, na mtoto wa miaka kumi na tano amenipiga pini kwa swali la pili. Usiku huo nikaenda kutafuta. Mvuto hupungua kadiri umbali unavyozidi. Maji yaliyo upande wa mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia. Kitovu cha dunia nacho huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa mbali. Kwa hiyo upande wa karibu maji hutangulia, na upande wa mbali maji huachwa nyuma. Yanatokea matuta mawili, moja linautazama mwezi, jingine limeupa kisogo, na dunia inapojizungusha, pwani yetu hupita kwenye yote mawili. Mara mbili kwa siku. Ukiisoma tena sentensi ya kwanza ya kipande, utaona haikusema lolote kuhusu hili. Ilitaja tu, nami nikachukulia kutajwa kuwa ni kuelezwa.

Leonid Rozenblit na Frank Keil walilifanyia utafiti jambo hilohilo mwaka 2002 kwa vitu vya nyumbani: zipu, kitasa, choo cha kuvuta maji. Waliwaomba watu wakadirie wanajua kiasi gani namna kinavyofanya kazi, kisha waeleze hatua kwa hatua, kisha wakadirie tena. Makadirio yalishuka. Fikiria zipu uliyoifunga asubuhi, uieleze sasa hivi bila kuiangalia.

Njia hii ndiyo inayokamata "kwa nini", na hakuna nyingine inayoikamata hivyo. Ila inategemea sana unayemweleza. Mtu mzima mwenye adabu atakuitikia "ehee", "naam", "kweli kabisa", na utaondoka na mazigazi makubwa kuliko uliyokuja nayo. Mtafute mtoto, au mbishi. Ukikosa wote wawili, jirekodi kwenye simu na ujisikilize. Utaisikia mwenyewe pale sauti inapokimbia.

Kwa wanaosoma kwa vikundi, kosa la kawaida la diskasheni zetu ni kwamba anayejua ndiye anayesema, wengine wananakili. Aliyepimwa hapo ni mmoja, tena yule asiyehitaji. Annemarie Palincsar na Ann Brown waliandika mwaka 1984 juu ya wanafunzi wa darasa la saba huko Marekani waliokuwa wakisoma maneno vizuri bila kufahamu habari. Dawa yao ilikuwa zamu: kila mwanafunzi anakuwa mwalimu kwa aya moja, na ana kazi nne, kuifupisha, kuuliza swali moja juu yake, kufafanua penye giza, na kutabiri kinachofuata. Wanafunzi waliimarika. Kikundi cha watu wanne kinaweza kuanza na hili leo bila kununua kitu. Aliye dhaifu apewe zamu ya kwanza, si ya mwisho.

Kubadili lugha

Hii ni mizani ya watu wa lugha mbili, yaani sisi. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya serikali husoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Atakuandikia sentensi ya Kiingereza ya osmosisi bila kukosea herufi. Mwambie akueleze kwa Kiswahili kwa nini zabibu kavu zikilowekwa kwenye maji hufura. Akisema maji hupenya ngozi ya zabibu kutoka nje kusiko na sukari nyingi kwenda ndani kwenye sukari nyingi, ameelewa, hata kama neno osmosisi limempotea. Akianza kuhangaika na "molekyuli zinamuvu", bado.

Ni ya haraka, haihitaji mtu wa pili, na unaweza kuifanya ukiwa ndani ya daladala. Udhaifu wake: zipo mada ambazo Kiswahili chako cha nyumbani hakina maneno yake, na unaweza kujihukumu vibaya kwa kukosa istilahi tu. Hapo usitafute istilahi. Eleza kwa maneno ya jikoni.

Kutia namba, kutenda

Kuna maandishi ambayo hayasomwi ili yajulikane. Yanasomwa ili mtu atende: maelezo ya dawa, mkataba, maagizo ya kuchanganya mbolea. Kwa hayo, njia zote za juu ni mzunguko mrefu.

Nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, mbele yangu bibi mmoja na kikaratasi cha antibiotiki kilichoandikwa 1 x 3.

"Kimoja kutwa mara tatu. Umeelewa, bibi?"

"Nimeelewa, mjukuu wangu."

Kijana wa dirishani angeweza kuita mwingine. Hakuita. "Hebu niambie, cha kwanza utakimeza saa ngapi?"

"Nikishakunywa chai, saa tatu. Cha pili saa saba. Cha tatu magharibi, maana mimi hulala mapema."

Hesabu yake ilikuwa tatu, kama alivyoambiwa. Lakini kati ya magharibi na saa tatu asubuhi kuna zaidi ya saa kumi na nne bila dawa mwilini. Kijana akachukua kalamu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Bibi akacheka. "Kumbe kutwa ni pamoja na usiku!" Na kwa Kiswahili alikuwa na haki, kutwa ni mchana. Aliyekosea ni aliyemwambia hivyo.

Mkopo ni vilevile. "Shilingi 1,000,000, miezi 6, riba asilimia 5 kwa mwezi." Nani hajaelewa? Tia namba. Kama riba inakokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, ni 50,000 mara sita: utalipa riba ya 300,000. Kama inakokotolewa juu ya salio lililobaki huku ukipunguza deni kwa kiwango sawa kila mwezi, jumla ya riba ni 175,000. Sentensi ni ileile, tofauti ni 125,000. Aliyeisoma mara kumi na aliyeisoma mara moja wako sawa mpaka mmoja wao achukue kikokotoo.

Sasa turudi baharini na kikokotoo hichohicho. Maji yamejaa leo saa 4:00 asubuhi. Ongeza saa 12 na dakika 25: yatajaa tena saa 4:25 usiku. Ongeza tena: kesho saa 4:50 asubuhi. Yamechelewa dakika 50. Kipande kilisema 25.

Nilikutegea. Samahani kidogo. Namba sahihi ni 50, na kosa lilikuwa ndani ya sentensi moja na ushahidi wa kulikanusha. Kama uliliona tangu mwanzo, hongera, wewe ni msomaji wa kuogopwa. Kama hukuliona, tazama ile alama uliyojipa. Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, kule Zanzibar, asingepitwa, kwa sababu yeye hupanga kazi kwa maji: mashamba yake hufikika vizuri wakati wa bamvua, maji yanapopwa mbali. Baada ya siku nne, anayeamini 25 atakuwa amekosea kwa dakika 100, na atakuwa amesimama ufukweni akiyatazama maji yaliyotakiwa yawe yameondoka, au yawe yamefika.

Si aibu ya mtu mmoja. Ellen Markman aliwasomea watoto wa shule habari fupi, utafiti wake ukatoka mwaka 1979. Moja ilisema samaki fulani huishi chini kabisa baharini ambako hakuna mwanga, kwamba bila mwanga rangi hazionekani, kisha kwamba samaki hao hukitambua chakula chao kwa rangi. Watoto waliombwa wasaidie kuboresha maandishi. Wengi, hata wa madarasa ya juu ya msingi, hawakuona tatizo. Kila sentensi peke yake ilikuwa sawa. Kuziweka mbili pamoja ndiko kulikokosekana, na hilo hata kukumbuka neno kwa neno hakulifanyi. Kwa maandishi ya maelezo nimejizoesha swali moja kila mwisho wa aya: hili la mwisho linakubaliana na la kwanza?

Kwa hiyo ipi?

Kama una mtihani wa wiki ijayo: funga kitabu kila siku, ufupisho wa sentensi tatu kila asubuhi, pasti pepa siku mbili za mwisho. Hailaita mpe mdogo wako achoree.

Kama una usiku mmoja tu, ufupisho wa kesho haukusaidii. Soma sura moja, iache, soma nyingine, kisha rudi kuandika ya kwanza bila kufunua. Kuchelewa kwa saa moja ni bora kuliko kutochelewa.

Unayefundisha, au utakayewasilisha kitu mbele ya mabosi: mweleze mtu kwanza, mbishi kama yupo. Maswali yake ndiyo yatakayoulizwa.

Mkataba, dawa, fomu ya kodi: namba na vitendo, hakuna kingine. Usitie saini hadi utoe mfano wako na aliye upande wa pili aukubali.

Riwaya na mashairi nimeyaacha makusudi. Huko mtu anaweza kuishi na asichokielewa kwa miaka, na raha nyingine iko humohumo.

Na kama umefika hapa, umeshapitia maneno zaidi ya elfu mbili tangu ukiache kile kipande cha bahari. Muda huo ndio ufupisho wa kuchelewa unaouhitaji. Usipande juu kutazama. Chukua karatasi, andika kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku na si mara moja, na lini ni bamvua.